Blanketi Walilolikataa Jenezani

Mtu akifika umri wangu anakuwa amehudhuria mazishi mengi kuliko harusi, na wasifu wa marehemu nimesikiliza mpaka nadhani ningeweza kumsomea mtu yeyote wa kanda hii wasifu wake bila hata kuuliza jina. Alizaliwa, alibatizwa, alikuwa mcheshi, aliugua. Huwa nakaa kwa adabu, naguna panapotakiwa kugunwa, nakula wali, narudi nyumbani. Lakini mwezi uliopita kule Buswelu nilishika kiti cha plastiki kwa nguvu mpaka mguu wake mmoja ukapinda, na kiti kilikuwa cha kukodi. Aliyekuwa anasoma ni Deo, mtoto wa kaka yake marehemu, amekuja na ndege kutoka Dar, suti nyeusi, miwani, sauti nzuri ya mtu aliyezoea kipaza sauti. Akasema shangazi yake Kokugonza aliishi maisha ya dhiki na upweke, hakujaliwa mtoto, alijiliwaza kwa kushona viraka na kufuga paka, na sasa hatimaye amepumzika. Watu wakaguna kwa huruma. Mimi nikaguna kama nyati aliyekanyagwa mkia. Upweke? Ma Koku? Mwanamke niliyemfahamu akicheka peke yake chumbani mpaka majirani wanakuja kuuliza kuna mgeni gani?

Kabla sijatulia likaja la pili. Nyamizi, ambaye mimi nilimjua akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni na leo ni mama wa watu anayeuza mchele pale njia panda ya Usagara, alikuwa amekuja na furushi. Alilifungua taratibu karibu na jeneza, na nikaliona blanketi la viraka ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka mingi, limepauka, kona moja imeliwa na panya, lakini zima. Akaomba jeneza lifunikwe kwa hilo. Deo akamshika bega kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma zaidi, akamwambia, "Dada, tumeshanunua kitambaa. Watu watasema tumemzika kama fukara." Basi jeneza likafunikwa kitambaa cheupe cha lesi kilichotoka dukani asubuhi hiyo, bado kina mikunjo ya kwenye mfuko. Nyamizi akakunja blanketi, akalipeleka chumba cha nyuma. Hakuna aliyeuliza lilikuwa blanketi gani. Na kwa kuwa ratiba ya mazishi haikuwa na nafasi ya mtu kama mimi kusimama na kusema, nitasema hapa, na nitasema kwa kirefu.

Ulikuwa mwaka ule wa soko huria, miaka ya tisini, wakati kila kitu kiliruhusiwa kuingia nchini na sisi tukaruhusiwa kukitazama. Nilikuwa nimekuja Mwanza kufanya kazi kiwanda cha nguo, idara ya nyuzi, na kiwanda kiliponiona tu kikaanza kupunguza watu, kana kwamba kilikuwa kinanisubiri mimi. Nikabaki na kazi ya kufua mashuka kwenye gesti mchana, na jioni nakwenda shule ya jioni, kwenye darasa la watoto wa chekechea, madawati mafupi kiasi kwamba magoti yangu yalikuwa yakimsikiliza mwalimu pamoja na masikio. Nilipanga chumba Kirumba, kwenye nyumba ya Mzee Ngassa, nyumba ndefu yenye korido katikati na vyumba huku na huku. Haikuwa na dari. Ukikohoa chumba cha mbele, mtu wa chumba cha uani anakwambia pole. Chumba cha kupakana na changu alikuwa Ma Koku, Mhaya mwenye umri wa mama yangu, mstaafu wa dobi ya masista, mwembamba kama sindano yake, na chumba chake ndicho chumba kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuingia, na nimeingia hoteli zenye lifti.

Ukifungua mlango unakutana na rangi. Kitanda kimefunikwa viraka, kiti kimefunikwa viraka, dirisha lina pazia la viraka, hata redio ilikuwa imeshonewa koti lake. Alijifunza kwa masista kule Bukoba akiwa msichana: kukata vitambaa chakavu vipande vya mraba na vya pembe tatu, kuviunganisha viwe kama uwanja wa bao, kisha chini kutandaza pamba, na chini kabisa shuka, halafu kupiga bandi, mishono ya kushikiza, ili tabaka zote tatu zishikane. Pamba ilikuwa yetu ya Usukumani, nililetewa gunia zima na ndugu zangu, na Ma Koku alilipokea kama mtu mwingine anavyopokea mahari. Na juu ya viraka hivyo vyote, mahali ambapo jua la jioni linafika, alilala Padre. Padre alikuwa paka mweusi tii mwenye alama nyeupe shingoni, sawasawa na kola ya padri, na alitembea koridoni kwa mwendo wa mtu anayetoka kusoma misa. Alikuwa anasalimiwa na wapangaji wote. Heshima yake ilipata dosari mwezi wa pili wa kukaa kwangu pale, tulipomkuta ndani ya mfuko wangu wa madaftari amezaa watoto wanne. Ma Koku alikaa chini sakafuni akacheka mpaka akashindwa kupumua, kisha akasema jina halibadilishwi, aliyebatizwa amebatizwa.

Sasa kuhusu chakula, maana hapa hasira yangu ni ya zamani na imeiva vizuri. Ziwa lile mnaliona limejaa samaki. Mwaka ule viwanda vya minofu vilikuwa vimeota ufukweni kama uyoga, na sangara wote, wale wakubwa wa kubebwa na wanaume wawili, waliingia mlango wa mbele, minofu ikatokea mlango wa nyuma ikapanda ndege kwenda kwa wazungu. Sisi tuliokaa umbali wa kutupa jiwe kutoka majini tuliuziwa mapanki, yaani mifupa: kichwa, uti wa mgongo, na mkia, katikati hakuna kitu. Zamani mapanki ilikuwa sehemu ya paka. Nakumbuka siku ya kwanza Mama Devota, mpangaji wa chumba cha mbele aliyekaanga samaki kibarazani, alipoweka mapanki kwenye karai badala ya samaki, Padre alikaa akamtazama kwa namna ambayo sitaisahau, kama mtu aliyekuta wageni wanakula sahani yake. Ma Koku alinunua kichwa kimoja, akakipika na ndizi na nyanya chungu, na akagawa hivi: mashavu ya samaki yangu mimi kwa sababu nasoma, macho yake yeye, na mifupa ya ndani ikawa ya Padre. "Huyu alikuwa wa kwanza kwenye foleni," aliniambia. "Sisi ndio tumemkuta."

Saa za furaha zilikuwa hizo za kabla sijaenda shule. Tulikaa kibarazani, mgongo ukutani, ziwa tunaliona kati ya mawe mawili makubwa ambayo watu wa mtaa walianikia nguo, na tulishona. Nasema tulishona, lakini mimi nilikuwa nachoma vidole. Ma Koku alikuwa akiimba chinichini kwa Kihaya, ananionyesha namna ya kuuficha uzi, na kitoto kimoja cha Padre kinacheza na ncha yake. Alikuwa na tabia ya kuweka kipande chekundu karibu na cha kijani, kisha anarudi nyuma anakitazama, anakibadilisha, anatazama tena, halafu anatabasamu kama mtu aliyepokea barua kutoka mbali. Huyu ndiye anayesemwa alikuwa katika dhiki. Mimi nimekaa na watu wenye nyumba za ghorofa, wana majokofu mawili, na sijawahi kuwaona wakilitabasamia lolote kati ya hayo mawili.

Vipande alivipata kwa mafundi cherehani. Mtaa mzima ulikuwa na mafundi barazani, na kila mmoja alimwekea mabaki kwenye mfuko. Halafu ikaja mitumba. Sijui kama vijana wa leo wanaelewa. Ilishuka marobota kwa marobota, mashati ya wazungu waliokufa, kama tulivyoambiana, na yalikuwa rahisi kuliko kitambaa kitupu. Nani atashonesha gauni? Mafundi wakakaa nyuma ya cherehani zao mikono mapajani kama watu wanaosubiri picha ipigwe. Mmoja aligeuza cherehani yake kuwa meza ya kuuzia karanga. Mabaki yakakauka. Ma Koku alikuwa na blanketi kubwa katikati, nusu yake tayari, na akaishiwa.

Ndipo akafanya jambo ambalo kwa Bukoba ya masista lilikuwa la kawaida kabisa, na kwetu halikuwa la kawaida hata kidogo. Alipita chumba hadi chumba akaomba nguo kuukuu za watu. Kipande cha kanga iliyochanika, kaptula ya mtoto, kola ya shati. Wakampa, wengine wakicheka. Mama Devota alimpa upande wa kitenge chake cha zamani. Mama Nyamizi, aliyekuwa mtulivu kuliko wote, alimpa kigauni cha manjano ambacho mwanawe hakimtoshi tena. Mzee Ngassa mwenyewe, mwenye nyumba, alitoa mguu mmoja wa suruali ya kaki. Mimi nilitoa sketi yangu ya kiwandani. Msukuma yeyote angejua: nguo iliyogusa mwili wako, ina jasho lako, hutoi kwa mtu hivi hivi akaenda kuikatakata na kuifungafunga kwa uzi. Mimi mwenyewe nilijua, lakini nilikuwa namwona kila siku akishona huku analishwa karanga na mimi, na akili yangu haikufika huko. Akili za wengine zilifika.

Nyamizi aliugua. Homa inapanda, inashuka, anatetemeka, anapelekwa zahanati anapewa klorokwini, anarudi, anatetemeka tena. Na kwa kuwa nyumba haikuwa na dari, nilianza kusikia. Sauti za jioni zilipita juu ya kuta kama moshi. Mama Devota akamwambia mumewe kwamba kigauni cha mtoto kimo mule. Mumewe akauliza kimo wapi. Kwenye lile blanketi, si amefungwa mule na sisi sote tumefungwa mule. Mwingine akasema paka mweusi hafugwi bure. Mwingine akasema macho ya yule mama mekundu. Yalikuwa mekundu, ndiyo, kwa miaka yote ya kupulizia jiko la pasi kwa masista. Mimi huwa naongeza chumvi, walionisoma wanajua, chumvi yangu hukolea. Hapa siongezi. Katika mkoa wetu miaka ile mwanamke wa makamo mwenye macho mekundu aliweza kusemwa mchawi Jumatatu na kuzikwa Ijumaa, na watu wakarudi shambani.

Mzee Ngassa akaitisha kikao cha wapangaji uani, Jumapili baada ya kanisa. Alikaa kwenye kiti chenye mikono, sisi wengine kwenye ndoo na mawe. Aliongea kwa hekima kubwa, ile hekima ya mtu ambaye ameshaamua. Akasema yeye binafsi hana shaka na mtu, ila nyumba inataka amani, kwa hiyo ameona mambo matatu: blanketi lifumuliwe hapa hapa mbele ya watu na kila mmoja arudishiwe chake, paka na watoto wake watiwe kwenye gunia waende ziwani, na Ma Koku atafute pengine pa kukaa, kesho yake, kwa nia njema. Watu wakatazama chini. Mimi nikasimama, nikaongea kwa hasira na kwa maneno yote magumu niliyofundishwa shule ya jioni, nikataja sayansi, nikataja mbu, nikataja haki za raia, na sikumgusa hata mtu mmoja. Mama Devota aliniambia nikae, msomi, chai imepoa.

Ma Koku aliingia ndani, akatoka na blanketi, akalitandaza lote juu ya mkeka katikati ya ua. Lilikuwa limekwisha. Hatukujua kwamba limekwisha. Jamani, lilikuwa zuri. Jua lilikuwa la saa tisa na kila rangi ilisema. Kitenge cha Mama Devota kilikuwa kimekatwa kikawa nyota, kaki ya Mzee Ngassa imezunguka pembeni kama uzio, na kile kigauni cha manjano alikuwa amekiweka katikati kabisa. Akaweka mkasi juu yake. Hakupaza sauti.

"Mimi nimeshashona," akasema. "Anayeona amefungwa humu, aje achukue mkasi afungue chake."

Hapo ndipo nilipowaona watu walivyo, na mpaka leo nikiwakumbuka nacheka na damu inachemka kwa pamoja. Hakuna aliyesogea. Maana kama lile ni blanketi la uchawi, nani ataligusa kwanza? Mzee Ngassa akamtazama mume wa Mama Devota. Mume wa Mama Devota akamtazama mkewe. Mama Devota akakumbuka kuna kitu jikoni. Walikuwa tayari kumfukuza mwanamke na kumzamisha paka na watoto wachanga, lakini kushika mkasi hapana. Na katikati ya kutazamana huko Padre akatoka koridoni kwa mwendo wake wa misa, akapita kati ya miguu ya watu, akapanda kwenye blanketi, akalikandakanda kidogo kwa miguu ya mbele, akajizungusha, akalala juu ya uzio wa kaki ya mwenye nyumba.

Mama Nyamizi akasimama. Alikuwa amekaa nyuma ya wote, mtoto mapajani amefungwa kanga mbili na bado anatetemeka. Nikumbushe kwamba kikao chote kilikuwa kwa jina lake na hakuna aliyekuwa amemuuliza neno. Akaja mpaka kwenye mkeka, na mimi nikajua anakwenda kuchukua mkasi. Aliuchukua. Akauweka pembeni chini. Akamsukuma Padre kwa mguu, taratibu, Padre akanung'unika. Akaliokota blanketi zima, akamzungushia mwanawe mpaka ikabaki pua tu.

"Mwanangu ana baridi," akasema, "na nyie mmekaa mnajadili viraka."

Akaingia nalo ndani, akafunga mlango. Kikao kikaisha hivyo, bila sala ya kufunga. Kesho yake mimi na Ma Koku tulimsindikiza hospitali kubwa, mtoto akalazwa, akatundikiwa dripu, na baada ya siku kadhaa Nyamizi akaanza kudai mashavu ya samaki, ambayo yalikuwa haki yangu, nikampa. Ma Koku hakuhama. Hakuna aliyesema samahani. Hilo ndilo ninalolibeba. Si Mzee Ngassa, si Mama Devota, hakuna. Walirudi kumsalimia Padre koridoni kana kwamba hawakuwahi kumtafutia gunia.

Na ngoja niwape la mwisho la mwaka ule. Ilipofika baridi ya Julai, Mzee Ngassa alikuja mlangoni kwa Ma Koku, akakohoa kikohozi cha mtu mwenye shida, akasema usiku upepo wa ziwa unapita chini ya mlango, na kama mama anayo nafasi, naye angependa kablanketi. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, nimejaa maneno ya kumwambia, nimeshayapanga. Ma Koku akamwambia karibu, akampima kwa kamba, urefu na upana, kwa utulivu wa fundi jeneza, mzee akaenda zake. Nikamuuliza kama ni huyu huyu aliyetaka kumtoa nje.

"Ndiye," akasema. "Na ana baridi."

Nikakasirika kiasi kwamba nilichoma kidole mara mbili mfululizo. Nikamwambia yeye anawashonea watu wasiostahili hata uzi. Akaendelea kupanga vipande, chekundu, kijani, anarudi nyuma, anatazama. "Minza mwanangu, unadhani nawashonea wao? Furaha nimeshaichukua mimi hapa, nikiwa nashona. Wao nawaachia blanketi." Kisha akamwinua Padre kutoka kwenye kitambaa alichokihitaji, na Padre akakirudia.

Kwa hiyo mnielewe niliposhika kile kiti Buswelu. Asubuhi ya siku iliyofuata niliamka mapema, kama ilivyo kawaida ya sisi wanawake wa matangani, nikatoka kwenda kuwasha moto wa chai. Upepo ulikuwa unatoka kwenye mawe, baridi ya kukata masikio. Wanaume walilala kibarazani kwenye mikeka. Na pale mwisho, amejikunja, miwani kaiweka ndani ya kiatu, alikuwa Deo, amelala fofofo chini ya blanketi la viraka. Alikuwa ameingia chumba cha nyuma kutafuta kitu cha kujifunika akalikuta. Kola ya suti ilichungulia juu, na kigauni cha manjano kilikuwa kifuani pake kinapanda na kushuka.

Niliinama nikashika pindo la kaki. Nasema kweli, nililishika kwa nia ya kulivuta lote kwa mkupuo mmoja, aamke anatetemeka mbele ya wazee, na nimweleze waliowahi kulala chini ya blanketi hilo ni nani na nani. Nililivuta. Ila miguu yake ilikuwa imetokeza nje, miguu mirefu, soksi imetoboka dole gumba, na mkono wangu ukaenda huko wenyewe ukaifunika, nikachomeka pindo chini ya visigino.

Lakini chai yake sikuitia sukari.